Jirani Yangu na Mto wa Shemeji Yake

Jirani yangu alikuwa na chuki moja tu, na aliitunza vizuri kuliko kuku wake. Kuku waliugua kideri, wengine walilala nje kwa sababu amesahau kuwafungia. Ile chuki haikulala nje hata siku moja. Aliilisha, akaifunika mvua iliponyesha, akaibeba kila alikokwenda pamoja na kamera yake, na mimi niliyeishi karibu naye kwa miaka mingi nasema bila haya kwamba mwishowe niliizoea na kuipenda, kama mtu anavyompenda mtoto wa jirani aliyekulia mbele ya macho yake.

Nilikuwa nimehamishwa kutoka kwetu Kakamega kuja kufundisha katika shule moja ya upili ya Nyeri, sijui hata neno moja la Kikuyu. Nilipanga nyumba ndogo nje ya mji. Asubuhi ya kwanza nilisikia mtu akikohoa ng'ambo ya ua wa kayaba, nikainua macho, nikaona kitambaa cha kichwa na macho mawili makali.

"Wewe ndio mwalimu mgeni?"

"Ndiyo, mama."

"Uko na gambuti?"

Sikuwa na viatu hivyo vya mpira.

"Basi nunua. Utaishi hapa namna gani na hujaona mto?"

Hivyo ndivyo alivyonikaribisha. Hakuniletea chai wala viazi. Alinipeleka mtoni.

Alikuwa mjane mrefu, mkondefu, anayetembea haraka huku ameinamisha kichwa kana kwamba upepo unavuma upande wake peke yake. Kiangazi na masika alivaa koti la marehemu mumewe, na chini ya koti hilo, kifuani, kamera ilining'inia ikiwa imefunikwa kama mtoto mchanga. Yeye na mumewe walikuwa na studio ya picha mjini. Watu wa Nyeri wa rika fulani, ukifungua albamu zao, picha ya ubatizo ni ya studio ile, na ya kipaimara, na ya kitambulisho, na ya harusi. Mumewe alikufa, kisha simu zikaja zikawafanya watu wote kuwa wapiga picha, naye akafunga duka. Alibaki na kamera, na akabaki na mito.

Aliizungumzia mito kama wateja. Tulipofika mahali anapopapenda, alipiga goti kwenye matope, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akanung'unika, "Ngoja, bado haijakaa vizuri." Wakati mwingine aliuambia mto uinue kidevu. Mwanzoni nilifikiri ni mzaha. Haukuwa mzaha. Angeweza kungoja hapo mpaka miguu yangu ife ganzi, wingu lisogee, mwanga uingie kati ya miti na kugusa jiwe moja lenye kuvu ya kijani, ndipo abonyeze. Mara moja tu. Watu waliobonyeza mara nyingi aliwadharau sana. "Hao wanapiga picha kama mtu anarushia kuku mahindi," alisema.

Pamoja naye nilijifunza kwamba mto mmoja una nyuso nyingi. Mwezi wa nne, mvua ndefu zikishika, maji yalishuka kutoka milima ya Nyandarua yakiwa mekundu na mazito, yakibeba matawi na mara nyingine sufuria ya mtu. Mwezi wa saba ulikuwa wa ukungu na manyunyu. Njia ya kando ya mto ilipotea mbele ya pua zetu, na maji uliyasikia tu, hukuyaona, mpaka ukungu ulipopasuka kidogo na kipande cheupe kikatokea kama shuka kwenye kamba. Mwezi wa kwanza mto ulikonda, ukawa safi hata unahesabu kokoto, na mawe yakajianika juani. Kisha Novemba, mvua fupi zikija, maua madogo ya waridi yalichomoza kwenye kingo zote, na maporomoko yakanenepa tena. Novemba ndio alioupenda. "Mto ikiwa hivi," alisema, "hata mtu mbaya anasimama kuangalia."

Alifuata mito mbali. Siku za likizo tulipanda basi mpaka Kangari, tukatembea kati ya mashamba ya majani chai ambako vijito vimejificha bondeni na unavijua kwa baridi inayopanda tu. Tulikwenda Kiriaini, tukanyeshewa, akanilaumu mimi. Tulikwenda Kutus kuona maji ya mlimani yakitulia na kuingia kwenye mifereji ya mpunga, naye hakupiga picha hata moja. Alisema mto uliowekwa kwenye mfereji ni kama mtu aliyefungwa pingu, hapendi kupigwa picha.

Huko Nanyuki alikuwa na rafiki, mzee Mwislamu mfanyabiashara wa mifugo, aliyemwachia apite zizini mwake kwenda kupiga picha mto wakati wa ukame. Siku moja, tukinywa chai yake ya tangawizi, mzee huyo alimsikiliza akieleza chuki yake mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Mama, samehe. Moyo wako utapata nafasi."

"Wewe uliwahi kuibiwa ng'ombe?" jirani yangu akamwuliza.

"Niliwahi."

"Ulisamehe?"

Mzee alitazama kikombe chake, akaanza kucheka. "Hapana. Niliwafuata mpaka Isiolo."

"Basi niache na mimi nifike Isiolo yangu," alisema, akanyoosha kikombe aongezewe chai.

Alikuwa mtu wa kanisa. Aliimba sauti ya pili katika kwaya, alipanga maua madhabahuni, na hakukosa ibada hata akiwa na homa. Lakini wakati wa sala ya Bwana, kila alipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, alifunga mdomo. Nilisimama kando yake Jumapili nyingi na nilisikia kimya hicho. Waumini wote waliendelea, yeye akangoja, kisha akaungana nao kwenye majaribu. Nilipomwuliza alinijibu kwamba hawezi kumdanganya Mungu katika nyumba yake.

Na alikuwa mchoyo. Ukimwomba sukari alisawazisha kikombe kwa kisu. Lakini mtoto yeyote aliyezaliwa mtaani mwetu alimpiga picha bure, akaichapisha, akaitia kwenye fremu, akaipeleka mwenyewe. Alikuwa amezunguka mito yote hiyo na aliogopa maji kama paka. Sikuwahi kumwona akichovya hata kidole. Alipenda umbeya na akawakemea wambeya. Binti zake walioolewa Nakuru na Thika walimpigia simu kila jioni, naye aliwaambia yuko salama, anapumzika, huku amejaa matope mpaka magotini.

Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba matembezi yetu yote ya Jumamosi yaliishia mahali pamoja. Popote tulipoanzia, tulishuka mwishoni kwa njia ya umma inayofuata mto wetu wenyewe, mpaka kwenye kona moja mkabala na maporomoko. Hapo alipiga picha yake ya mwisho. Ng'ambo palikuwa na shamba zuri lenye ua wa nyaya, linashuka mpaka majini, na karibu na ukingo, juu kidogo ya mahali maji yanapoangukia, palikuwa na msalaba mweupe.

"Ule ni msalaba wa nani?" nilimwuliza siku moja.

Hakuondoa jicho kwenye kamera. "Ni bwana yangu. Msalimie."

Nilisimama pale na gambuti zangu, sijui nifanye nini. Kisha nikasema kwa sauti, ili maji yasinizidi, "Hujambo, baba."

"Hajambo," alijibu kwa niaba yake, akabonyeza.

Siku hiyo alinieleza. Mumewe na ndugu yake mkubwa waliachiwa na baba yao shamba lile moja. Hati iliandikwa jina la mkubwa peke yake, kwa sababu wakati ule ilionekana rahisi, na ndugu hao walipendana. Jirani yangu na mumewe walijenga na kulima upande wa chini, kando ya mto. Ni pale maporomokoni mume alipomfundisha kutumia kamera, wakiwa bado wachumba, na ni pale alipoomba azikwe. Alizikwa. Shemeji alisubiri mpaka waombolezaji wa mbali warudi kwao, kisha akaja akaketi kwenye kochi lake na kofia yake magotini.

"Shemeji," alimwambia, "wewe uko na wasichana peke yake. Wataolewa. Sasa hii shamba nikikuachia, kesho itakuwa ya nani?"

Jirani yangu alidhani anapewa pole kwa njia mbaya. Wiki hiyo hiyo alipotoka studio na maua mkononi, alikuta nyaya zimepigwa na geti lina kufuli. Nyumba yake ilikuwa ndani, kaburi lilikuwa ndani. Vyombo vyake vilikuwa nje, vimepangwa vizuri kando ya barabara, hata vikombe vimefungwa kwa magazeti visivunjike. Hilo la vikombe ndilo lililomchoma kuliko yote. Alisema mtu akikufukuza kwa hasira unaweza kumwelewa. Huyu alipata nafasi ya kufunga vikombe.

Alikwenda mahakamani. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, mpaka wakili wake akaacha kushika simu. Basi akawa anakwenda ukingo wa pili, kwenye njia ambayo hakuna mtu anaweza kuifunga, na kumpiga mumewe picha kwa mafuriko, kwa ukungu, kwa jua na kwa maua. Watu walioona picha zile walisifu mto.

Kisha shemeji akajenga hoteli. Vyumba vya wageni juu, bustani katikati, na chini kabisa jukwaa la mbao lililotazama maporomoko, kwa ajili ya harusi. Maharusi walitoka hata Nairobi kuja kupigwa picha pale. Msalaba ulitoweka kabla mbao hazijaletwa. Jirani yangu alimtumia mchungaji kuuliza, na jibu likaja kwamba mto ulifurika ukauchukua.

Aliposikia hivyo alicheka, kicheko kile chake kikubwa cha kurusha kichwa nyuma. "Hata maji anasingizia," alisema. Msalaba ulikuwa juu ya ukingo. Mto haujawahi kupanda kilima. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango, na mimi nikasikia akisogeza makasha ya picha mpaka jioni.

Alichofanya baadaye alikifanya bila haraka. Alikwenda mjini kwa mtu anayechapisha mabango ya wagombea wakati wa uchaguzi, naye akamchapishia picha zake kwenye turubai, kubwa kama mlango. Kila moja ilionyesha maporomoko yale yale: Aprili nyekundu, Julai ya ukungu, Januari kavu, Novemba ya maua, na katika kila moja msalaba uko pale pale. Ya mwisho haikuwa ya mto. Ilikuwa picha ya studio ya mumewe akiwa ndani ya suti, anatabasamu. Chini yake aliandikisha kwa herufi ambazo mtu angeweza kuzisoma kutoka ng'ambo: HAPO CHINI YA MBAO AMELALA BWANA YANGU. KARIBUNI.

Jumamosi iliyofuata nilimsaidia kufunga kamba kwenye miti ya njia ya umma. Tulizitundika kama nguo, kisha tukakaa kwenye mawe tukala mahindi ya kuchemsha. Moyo wangu ulinienda mbio. Wake sijui, alikuwa anachokoa meno.

Harusi ilishuka bustanini mchana. Bibi harusi alikuwa mzuri kweli, gauni limeinuliwa na wasimamizi lisiguse majani, na mpiga picha wao anatembea kinyumenyume mbele yao. Walipanda jukwaani. Wakapangwa. Nyuma yao alikuja nyanya wa bibi harusi, shosho mzee, ameshikwa mkono, amevaa kofia ya manyoya na miwani. Wengine wote walikuwa wanatazama kamera. Yeye peke yake alitazama mto, na ng'ambo ya mto.

Nilimwona akisoma. Midomo yake ilisogea. Alisoma mara ya pili, kisha akapiga mbao kwa mkongojo wake.

"Shukeni!"

Hawakumwelewa. Alipiga tena. "Nasema shukeni hapo! Wote!" Kisha akatugeukia sisi, akapaza sauti juu ya maji. "Wewe mama! Ni kweli?"

Jirani yangu alisimama, akapangusa mikono kwa koti. "Muulize mwenye hoteli!"

Shemeji alikuwa ameshafika mbio, tai imempanda begani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona kwa karibu. Alikuwa mzee nadhifu, mwenye uso wa mtu anayependwa na wajukuu.

"Samahani sana, mama," alimwambia shosho. "Yule mwanamke ni mgonjwa wa akili. Tunamjua."

"Sijauliza kama ni mgonjwa," shosho alisema. "Nimeuliza kama kuna mtu hapa chini."

Shemeji aliivuta tai yake chini. Alikuwa na nafasi ya kudanganya, na nadhani alitaka, lakini watu wote walikuwa wanamtazama miguu, na yeye mwenyewe, bila kujua, alikuwa amesogeza mguu mmoja nje ya ubao. Bibi harusi alipiga ukelele. Walishuka wakikanyagana, gauni likachanika, na muda si mrefu tukaona magari yakitoka getini na wapishi wamesimama na sahani zisizo na mtu wa kuzila.

Siku hiyo jirani yangu hakupiga picha hata moja. Njiani kurudi nilimwuliza kwa nini, na kamera alikuwa nayo.

"Nilikuwa naangalia," alisema.

Habari ilikimbia mpaka Karatina na kwingine. Hakuna mzazi aliyetaka mtoto wake aolewe juu ya maiti. Shemeji alimwita chifu, na chifu akasema njia ni ya umma na kamba si hatia. Alituma askari wake wa geti, kijana wa Machakos, avuke aondoe mabango. Kijana alivuka, akasoma, akavua kofia, akarudi alikotoka. Kisha shemeji akatuma wazee wa kanisa kusema kwamba yuko tayari kuurudisha msalaba. "Arudishe," jirani yangu aliwaambia. "Nani amemshika mkono?" Wakaondoka wakidhani wamepatana. Jumamosi alitundika tena.

Sisemi hapakuwa na walioumia. Hoteli ilipoanza kufa, wa kwanza kutolewa walikuwa maskini. Mpishi mmoja, mama wa watoto wadogo kutoka Kutus, alikuja mpaka kwa jirani yangu akilia, akamwambia amemwondolea watoto wake chakula. Jirani yangu alimsikiliza bila kumkatiza. Alimpa kuku, akampa unga, akamtafutia kazi katika jiko la shule yetu, akinisumbua mimi mpaka nikazungumza na mkuu wa shule. Binti yake wa Thika alikuja pia, akampigia magoti, akasema, "Mami, imetosha, watu wanakucheka." Alimwinua, akampikia irio, akamlaza kitandani kwake. Na Jumamosi akashuka mtoni na mabango yake chini ya kwapa.

Kisha mimi nikahamishwa tena kurudi kwetu. Tuliagana kwenye ua wa kayaba, yeye upande wake, mimi upande wangu, akanipa picha ya Novemba iliyofungwa kwa gazeti. Hakulia. Aliniambia nisiwape gambuti zangu watu ovyo.

Nilirudi kumtembelea likizo moja ya mwisho wa mwaka. Mvua fupi zilikuwa zimechelewa kuisha. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda, lakini alinichukua moja kwa moja mpaka mtoni, na safari hii hatukwenda ukingo ule wa zamani. Tulipita getini. Hapakuwa na kufuli. Hoteli ilikuwa imefungwa, madirisha yamepigwa mbao, na jukwaa halikuwepo; watu walikuwa wameligeuza kuni. Msalaba mpya wa chuma ulisimama mahali pake, na maua ya waridi yalikuwa yameujia pande zote.

Shemeji alikuwa anatungoja hapo. Kiharusi kilikuwa kimemshika upande mmoja, na mwanawe alikuwa amemleta kwa gari na kumwacha na mkongojo kando ya kaburi. Alikuwa amevaa suti. Nilielewa kwamba ndiye aliyemwita jirani yangu.

"Shemeji," alisema, maneno yakimtoka kwa shida. "Asante umekuja. Mimi sina siku nyingi. Nataka picha moja. Mimi na ndugu yangu. Watoto wakiangalia, wajue sisi tulikuwa nyumba moja."

Jirani yangu alimtazama. Nilingoja atukane. Badala yake alifungua koti, akatoa kamera, akapangusa kioo chake kwa ncha ya kitambaa.

"Simama hapo," alimwambia.

Mzee alijipanga kando ya msalaba, akaweka mkono juu yake, akajaribu kunyoosha bega lililolegea. Nyuma yake maporomoko yalikuwa meupe na manene, na jua lilikuwa limeanza kupenya.

"Sogea kidogo," alisema jirani yangu. "Umeficha maji."

Mzee alisogea, akiburuta mguu.

"Kidogo tena."

Alisogea. Mkono wake ukaachana na msalaba.

"Tena. Kuna kivuli yako."

Nilitaka kwenda kumshika mzee, maana ardhi ilikuwa inateleza, lakini jirani yangu alininyooshea kiganja bila kuniangalia. Mzee alichukua hatua nyingine, na nyingine, mkongojo ukizama matopeni, uso wake umetulia kwa utiifu kama wa mtoto aliyeletwa studio mara ya kwanza.

"Hapo. Hapo ni sawa. Usitingishike."

Alingoja. Wingu lilisogea, mwanga ukashuka juu ya msalaba na maua na maji. Akabonyeza, mara moja. Kisha akainamisha kamera ili nione kioo cha nyuma. Sijawahi kuona picha nzuri kama ile. Mto wote ulikuwamo, na kaburi, na hapakuwa na mtu.

Mzee alikuwa bado amesimama palepale alipowekwa, hathubutu kusogea.

"Shemeji," aliuliza, "nimetoka?"

"Umetoka," alimjibu kwa upole, akifunga koti. "Umetoka kabisa."